Naomba Mnara wa Zack Uteremshwe

Kwa Mzee Obure, Chepilat.
Kutoka kwa Rodah, Mama Nelvine, Kapsoit.

Mkwe mwenzangu,

Sisi huku ni wazima na ng'ombe wanakamuliwa. Nakuandikia kwa heshima kuhusu mwanao Zack, aliyemwoa binti yangu Nelvine kanisani mbele ya watu wote, kisha akampeleka kukaa ndani ya tangi la chuma juu ya mnara wa mawe. Najua wewe unaliita nyumba. Mimi nililiona tangi hilo nikiwa mtoto, likinywesha garimoshi kule upande wa Kipkelion, na hata garimoshi halikuwahi kulala humo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi. Jumamosi nilikwenda kumwona Nelvine, ambaye ni mjamzito, nikiwa na Mellen wa kanisani kwetu. Nilipofika katikati ya ngazi, miguu ikakataa. Zack akaita kutoka juu, "Mama, usiangalie chini!" Nikaangalia. Ikabidi ashuke, anishike kiunoni na kunipandisha kama gunia la mbolea, huku Mellen akipaza sauti kule chini, "Rodah, funga macho, omba!" Mzee, kwenu Kisii na kwetu Kipsigis, mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono ovyo. Huyu amenibeba.

2. Kabati nililowapa siku ya harusi haliegemei ukuta wowote, kwa sababu nyumba ni mviringo. Limesimama katikati kama mgeni ambaye hajaambiwa akae. Na usiniambie babu zetu walikaa nyumba za mviringo. Zao zilikuwa chini.

3. Tangi hilo lilikuwa na maji. Tangu liwe nyumba, Nelvine anateka kisimani na kuyavuta juu kwa kamba. Nilipoomba maji ya kunywa, Zack aliniambia bila haya, "Subiri kidogo, Mama, ndoo iko njiani."

4. Mjukuu wetu atazaliwa huko. Atajua kushuka kabla ya kutembea, na sisi wengine atatuita "wale wa chini". Akikua atataka kuoa. Ni msichana gani mwingine atakubali kupanda? Ukoo wako utaishia juu ya mawe, Mzee.

Siombi mnara ubomolewe. Mimi si mtu wa fujo. Naomba uteremshwe. Zack ni fundi wa kuchomelea, na aliyeweza kukata madirisha kwenye chuma hashindwi kupunguza mawe kidogo kidogo, mpaka mlango ufike kimo cha watu wenye akili. Wewe ni baba yake. Mwambie.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata wale waliocheka waliposikia habari hii.

Ni mimi mkwe mwenzako, mwenye uchungu,
Rodah Chepkosgei

N.B. Nasikia mama Zack anapanga kwenda kukaa nao Nelvine akijifungua. Mwambie asijisumbue. Kile chumba cha dirisha kubwa, ambapo asubuhi unaona majani chai yote mpaka ukungu unapoishia, kimeshapata mtu. Nilipeleka godoro langu jana, na nilipanda mwenyewe. Mpaka nitakaposhuka, mnara usiguswe.