Janga la Kumrudisha Amon

Jumatatu, 3 Machi 2025

Basi ukuta ukagoma kuanguka. Xavery fundi kapiga nyundo mpaka shati limelowa, jiko la udongo limesimama tu! Julieth, andika hivyohivyo. Julieth ni mpangaji wangu, ananiandikia. Mie shule sikuiona.

Yote haya ni kwa ajili ya mjukuu wangu Amon, mume wangu yule. Yuko Dar, anasomea udaktari wa vitabu, mambo ya majanga. Kuna wafadhili wa nje watamlipia utafiti mwaka mzima, ila sharti aende penye majanga ya kutosha. Nikamuuliza, na hapa kwetu Ng'ambo je? Kasema, Bibi, Tabora haina sifa. Haina sifa! Basi sifa nitaitengeneza mwenyewe. Akija, mwaka mzima atalala chumba cha uani, asubuhi nimsikie anapiga mswaki.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imenyesha, ukuta umeanguka wenyewe. Xavery anadai ni nyundo yake. Julieth kanipiga picha nimekaa juu ya kifusi, nimeshika tama. Jirani yangu Pelagia kachungulia, kasema nimekaa kama mwali anayesubiri posa. Wivu tu. Lakini wajukuu zake wako hapahapa, wanammalizia ugali kila siku, naye analalamika! Hajui alichonacho, mwanamke yule.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu kanisani. Nimerudi nimemtumia Amon sauti kwenye simu. Nilianza na kweli: ukuta umeanguka. Halafu ulimi ukaenda wenyewe. Mafuriko, kimbunga, radi kila jioni, ardhi imepasuka karibu na choo. Fisi nao nikawaweka. Kajibu wafadhili wameshtuka sana. Nimepika maharage naimba.

Babu yangu mzaa baba alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, na akarudi. Amon kaenda kwa treni, kakaa kiti cha dirishani, mpaka leo hajarudi.

Ijumaa, 7 Machi

Amepata ufadhili! Anakwenda Ufilipino.

Kumbe wana watu wa usalama. Wameona habari zangu, wakasema mwanafunzi wao hawezi kulala mahali pa hatari hivyo.

Nikamwambia, "Amon, si hatari ndiyo wanayoitafuta?"

Kasema wanaitafuta, ila bima imekataa. Ati Ufilipino wamejiandaa. Huko kimbunga kinapewa na jina, kama mtoto! Halafu kasema hapati usingizi kwa ajili yangu, nihamie kwa shangazi yake Nzega kabla ardhi haijanimeza.

"Njoo unihamishe mwenyewe, mume wangu."

Kasema ndege ni Alhamisi.

Jumapili, 9 Machi

Sasa nimeelewa nilipokosea. Majanga yalikuwa mengi mno. Safari hii dogo tu: kifua. Mgonjwa hana bima ya kumkataza mtu kulala kwake. Jana nimejaribu kikohozi, Pelagia kaniletea asali, kaniuliza kama aniitie padri. Kwa hiyo kinaaminika. Nikianza leo, kesho Amon anapanda treni, Jumanne yuko hapa, na hiyo ndege itaruka na watu wengine...

Pelagia ananiita uani. Simu yangu haina chaji, Amon kapiga kwake. Anauliza kama nimekula.

Nakuja! Julieth, acha kalamu, nishike mkono. Naanza kukohoa hapahapa mlangoni.