Fuso ya Kabichi na Mchicha wa Bi Mwajuma

"Haya sikilizeni, imetoka leo alfajiri!" Stefano alipaza sauti, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Ni dereva wa bodaboda, na pale kijiweni Mwembesongo wanamwita Taarifa, maana abiria wanaweza kumkosa lakini habari hazimkosi. "Kikundi cha mtaa hiki hapa. 'Gereji yoyote ya uchochoroni itakayokutwa imemwaga oili ardhini itaondolewa, pamoja na vyote vilivyoizunguka.'"

"Vilivyoizunguka ndiyo nini?" akauliza Mzee Mwinjuma, mstaafu wa reli, ambaye wote wanamwita Injinia kwa vile hakuna chombo chenye magurudumu asichodai kukifungua.

"Ndiyo wewe babu, na hilo benchi ulilokalia."

Watu wakacheka. Mwanvita, muuza kahawa wa kijiwe, hakucheka. Alikuwa akisuuza vikombe vya kahawa, na katika vile vilivyoizunguka gereji, cha kwanza kilikuwa jiko lake. Ameshafukuzwa sehemu mbili mjini hapa, na kila mara ilimchukua nusu mwaka watu kuizoea kahawa yake. Wenyewe wanamwita Kamera, kwa sababu anatazama kutwa nzima na hasemi.

"Bi Mwajuma mwenye kiwanja naye kaipata hiyo," Taarifa akaendelea. "Kanikamata asubuhi mlangoni kwake. Kasema leo Fuso ikishaondoka anakuja kukagua kiwanja chake mwenyewe. Akikuta tone moja, hataki kuona gereji, benchi wala birika."

Macho yote yakamgeukia Luqmani, fundi wa gereji ya pale kijiweni, ambaye wao wanamwita Mafuriko. Nyuma yake ilisimama Fuso ya Evance, inatoka kushusha mzigo na jioni inatakiwa Mlali kupakia kabichi. Ilikuja kubadilishwa oili na filta.

"Mnaniangalia mimi?" akasema Luqmani.

"Tumwangalie nani, Mafuriko?" Taarifa akajibu. "Wewe ukifungua filta, bata wanakuja kuogelea!"

"Acha fiksi wewe."

"Fiksi? Juzi umefungua ya lile lori la mchanga, mimi pikipiki yangu imeteleza mpaka kwenye mtaro. Abiria kashuka kabla sijasimama, akanishukuru kwa kumfikisha haraka!"

"Oili lazima imwagike, bwana," Mafuriko akajitetea. "Ni maumbile ya lori. Nimeshamwambia mama mwenye kiwanja, tena nimemwapia. Injini haina adabu."

"Injini ya treni ndiyo haina adabu," Injinia akadakia. "Pale Kingolwira tulifungua filta kubwa kama pipa. Ilipotema, stesheni masta alihama ofisi siku nne!"

"Babu, wiki iliyopita alihama siku mbili."

"Zilikuwa filta mbili!"

Evance alikuwa amekaa kwenye bampa la lori lake, anatafuna kashata. "Jamani, mimi kabichi zangu haziwezi kungoja treni ya babu. Fundi, ingia chini."

Mafuriko akachomoa bisibisi ndefu na nyundo. Hiyo ndiyo kazi yake anavyoijua: gari likifika, moto hivyo hivyo kutoka barabarani, anaitoboa filta ubavuni kwa bisibisi, anaikamata kama usukani na kuizungusha. Filta inafunguka, ndiyo, lakini oili inatokea toboni, inatokea mdomoni, inatokea na kwapani kwa fundi. Kisha inashuka taratibu mpaka kwenye matuta ya mchicha ya Bi Mwajuma.

"Fundi," Mwanvita akaita.

Vichwa vyote vikageuka. Hata Injinia aliacha kupuliza kahawa.

"Kamera imetoa sauti!" akasema Taarifa.

"Fundi, usiitoboe leo. Iache kwanza ipoe, iwe vuguvugu. Halafu fungua nati ya chini, oili yote iishe kwenye beseni. Filta uiguse mwisho."

"Mdogo wangu, wewe umesomea wapi injini?"

"Sijasomea popote, nimeishia la saba. Lakini nimekaa hapa miaka mitatu nakuangalia. Kahawa ikichemka nikiimimina hapo hapo, inaruka na machicha yake. Nikiiacha itulie, inashuka vizuri. Na filta ukiilegeza kidogo tu, halafu ukangoja, iliyobaki ndani si itashuka pole pole?"

"Itashukia wapi? Kichwani kwangu?"

Mwanvita akainua dumu la lita tano la mafuta ya kupikia, lililokatwa juu, ambalo yeye husuuzia vikombe. Akamwaga maji, akalikausha kwa kitambaa. "Humu. Unalipandisha mpaka liimeze filta yote, ndiyo unaifungulia ndani yake."

"Darasa la saba oyee!" Taarifa akapiga makofi.

"Sisi relini tulifanya hivyo hivyo," akasema Injinia.

"Babu, si ulisema stesheni masta alihama?"

"Ndiyo tukajifunza!"

Basi wakangoja. Walikunywa duru nzima ya kahawa, Evance akilalamika kwamba Milima ya Uluguru ingeshahamia mjini kabla fundi hajaingia chini. Injini ilipokuwa vuguvugu, Mafuriko akafungua nati, oili ikashuka kwenye beseni kama uzi mweusi mpaka ikabaki tone kwa tone. Akalegeza filta kwa cheni ya kufungulia, akangoja. Akapandisha dumu, akaizungusha kwa mkono, na filta ikatua ndani bila kelele. Akatambaa kutoka chini amelikumbatia dumu, shati lake kavu. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona shati la Mafuriko likiwa kavu.

"Oya, piga picha!" akasema Evance. "Mkewe hatamjua."

Mafuriko akafunga filta mpya, akarudisha nati, akamimina oili mpya. Evance akapanda, akashika ufunguo.

"Kaka Evance, usiwashe!"

Mwanvita alikuwa ameinama juu ya dumu. "Fundi, kila filta unayoitoa ina mpira mweusi mdomoni, mviringo. Hii haina. Mpira wake uko wapi?"

"Umeyeyuka kwa joto," akasema Injinia haraka.

Mafuriko alikodoa macho kwenye dumu, kisha akarudi chini ya lori mbio kama anayekimbia nyuki. Mwanvita akamfuata na beseni, akalikinga. Filta mpya ilipotoka, fundi akapapasa juu na kidole chake kikaukuta mpira wa zamani umegandia kwenye injini. Angeuacha, mpira wa filta mpya ukakaa juu yake, injini ikiwaka tu oili yote ingeruka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Ungetuogesha wote," Taarifa akanong'ona.

Mpira ukabanduliwa, filta ikarudishwa, na safari hii Fuso iliwashwa, ikanguruma, ikasogea mbele hatua tano, na Bi Mwajuma akatoka ndani na leso nyeupe mkononi.

"Shikamoo mama," wakamwamkia kama watoto wa chekechea.

"Marahaba." Akaikandamiza leso pale lori lilipokuwa. Ikatoka na vumbi tu. Akaikandamiza tena, na tena. Vumbi.

Mafuriko akatanua kifua. "Hakuna hata tone moja, mama! Mimi ndiye fundi! Ukiamua tu, oili haianguki!"

"Ukiamua," akasema Bi Mwajuma.

"Kabisa!"

"Miaka mitatu unaniapia ni maumbile ya lori. Matuta yangu manne ya mchicha yamekufa kwa maumbile. Kumbe ulikuwa hujaamua." Akaikunja leso yake vizuri. "Bakini hapo hapo, sijamfukuza mtu. Ila majembe yako nyuma ya nyumba. Udongo wote ulioshiba oili utolewe leo, uletwe mwingine."

Taarifa akaweka simu sikioni na kuanza kuitikia, ingawa haikuwa imelia. Injinia akakumbuka anatakiwa msikitini, na adhuhuri wametoka kuiswali muda si mrefu. Fuso ya Evance ilishakata kona mlango ukiwa wazi.

Akabaki Mafuriko na shati lake kavu. Mwanvita akammiminia kikombe.

"Kunywa kwanza, fundi. Halafu chukua lile jembe la mpini mfupi. La mpini mrefu linachomoka, nimeliangalia."