Brashi Moja ya Kweli

Fidel Odhiambo hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Fidel alikuwa akipewa. Kwa miaka sita ya kukaa Chaani, watu walimpa fedha zao kwa mikono miwili, wakamshukuru, na wengine wakamwombea. Alikuwa na masharubu membamba kama uzi, aliyoyatunza kila asubuhi kwa kijimkasi, na sauti ya kumuuzia nazi Mgiriama mwenye minazi yake.

Asubuhi moja alikuwa kwenye kibanda cha chai, meza moja na Bramwel, mwenye karakana ya vinyago vidogo vya Krismasi: Mariamu, Yosefu, wachungaji na mamajusi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Bramwel alikuwa ameweka kasha mezani na alikaribia kulia.

"Wamerudishwa," alisema. "Seti arobaini! Mnunuzi anasema mamajusi wangu wamelewa, na Yosefu ana makengeza."

Fidel alimtoa Yosefu kashani. Kweli, jicho moja lilimtazama mtoto, na la pili lilitazama mlango.

"Ni brashi," Bramwel aliendelea. "Hizi za dukani nywele zinatawanyika. Nimeshawaambia wapakaji rangi wangu: mzigo huu ukirudi mara ya pili, nanunua macho ya karatasi, ya kubandika. Wao waende nyumbani."

Fidel aliacha andazi lake. Chumbani mwake alikuwa na brashi moja, aliyoiokota ndani ya kopo la bati katika mitumba ya Kongowea, yenye mpini wa rangi ya damu ya mzee na pete ya shaba. Alipoitafuta kwenye simu aligundua kwamba nywele zake ni za seboli, kicheche wa nchi za theluji, na kwamba brashi kama hiyo huuzwa shilingi elfu tatu. Tangu siku hiyo alikuwa akingoja tu mtu mwenye shida ya brashi.

"Wewe Mungu anakupenda sana, bro," alisema. "Nina rafiki baharia. Ameshuka bandarini na brashi ishirini za seboli, hata hajui zina thamani gani."

Ukimwambia Bramwel kwamba kuna mtu mahali fulani asiyejua thamani ya mali yake, umemshika. Hakuuliza hata jina la meli.

Siku tatu Fidel alifanya kazi ambayo, angeifanya kwa haki, ingemtajirisha. Aliomba nywele za mkia wa beberu buchani, akazichambua, akazifunga, akachonga mipini, akaipaka rangi ile ya damu ya mzee, akavisha pete za waya wa shaba. Mwisho alizichovya nywele katika uji mwepesi wa muhogo, akazivuta kwa vidole na kuzianika. Zikakauka na ncha kali kama sindano. Alipozilaza kando ya ile ya kweli alishindwa kuzitofautisha, ikabidi ile moja aiweke peke yake katika mfuko wa shati. Mpango ulikuwa rahisi: mteja ajaribu ya mfukoni kwa maji, alipie za kashani zikiwa kavu, agundue baadaye wakati Fidel yuko mbali, Voi.

Karakanani alipokelewa na Kanze, mpakaji rangi mkuu, mama wa Kigiriama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa macho, na nyusi pale muda uliporuhusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hebu nambia, hizo nywele ni za mnyama gani?"

"Seboli, mama. Kicheche wa kwenye theluji. Dume tena, na ni za mkiani tu."

"Mkiani tu," Kanze alirudia. "Haya, nipe."

Fidel alitoa ile ya mfukoni na kuanza hotuba kuhusu baridi ya Siberia. Kanze hakumsikiliza. Aliichovya brashi katika kikombe cha maji, akaikoroga, akakung'uta mkono mara moja. Nywele zikajikusanya zenyewe hadi ncha moja. Akaikandamiza juu ya ukucha. Ikapinda, ikarudi wima. Akaitia rangi nyeusi, akampaka majusi macho mawili na kope zake bila kurudi kwenye rangi.

"Sista Agneta aliyenifundisha alikuwa akisema brashi huchaguliwa kama mchumba," alisema. "Usiitazame imejipamba. Itazame ikitoka kuoga."

Kanze aliigeuza brashi mwangani. Brashi kama ile aliishika mara ya mwisho miaka kumi na minane iliyopita, kabla sista hajarudi kwao. Aliitaka. Aliitaka waziwazi kama mtoto anavyotaka peremende, na hakuona haya.

Ndipo Bramwel akaingia, akamwangalia majusi, akaona mwenye akili timamu. "Mama akikubali, nami nimekubali!" Wakapatana elfu moja kila brashi, baada ya Fidel kusitasita kwa uchungu mwingi. Moyoni Bramwel alikuwa ameshaziuza kumi kwa karakana moja ya Likoni kwa bei mara mbili. Akatoka mbio kwenda kwa wakala kutoa pesa, kwa kuwa Fidel alitaka taslimu.

"Nipe moja mpya nilinganishe," alisema Kanze.

"Bila maji, mama. Ikishaguswa na maji, imenunuliwa."

"Bila maji, mwanangu."

Sasa, wapakaji rangi wa vitu vidogo wana desturi yao: ncha ya brashi huchongwa kwa midomo. Kanze alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake, bila kufikiri. Aliipeleka brashi mpya midomoni.

Ulikuwa uji wa muhogo. Nyuma ya uji ikaja harufu, na mama aliyelelewa Kaloleni kati ya mbuzi thelathini wa babake hakuhitaji kuulizia jina la mwenye harufu hiyo.

Kanze hakupiga kelele. Akipiga kelele, huyu kijana atakimbia na brashi yake ya kweli, nao watabaki na zile za dukani, kisha yaje macho ya karatasi. Alizifuta brashi zote mbili kwa aproni, taratibu.

"Zimefanana kabisa," alisema. "Mpini, pete, hata rangi. Aliyezitengeneza ana mikono ya fundi, wallahi."

Hakuna aliyewahi kumsifu Fidel kwa kazi ya mikono. Aliinamisha kichwa, akayapapasa masharubu yake, akatazama sakafu kwa haya ya kweli.

"Shika yako," Kanze alisema. "Mimi nabaki na hii moja. Ni katika zile ishirini."

Bramwel alirudi akihema, noti mkononi.

"Tajiri, wewe hujajionea ile ya maji," alisema Kanze, akivuta kiti. "Mwonyeshe, mwanangu. Ikoroge vizuri."

Fidel aliichovya kwa madaha, akaikoroga vizuri, akakung'uta mkono. Nywele zilifumuka pande zote. Karakana ikajaa beberu.

"Fidel," Bramwel alisema polepole, "huyu ni mnyama gani?"

Fidel aliitazama brashi, akamtazama Kanze. Mama alikuwa ameinama juu ya Yosefu, akimpaka jicho kwa ncha nyembamba isiyotikisika.

"Amebadilisha!" alifoka. "Hiyo aliyoshika mama ndiyo ya kweli!"

Kanze aliinua miwani. "Ya kweli? Kwani kuna za uongo, mwanangu?"

Bramwel alizirudisha noti mfukoni na kuanza kukunja mikono ya shati, na Fidel akaona busara kuondoka kupitia dirishani, kasha akaliacha.

Zile brashi kumi na tisa zilizobaki kashani zilifaa kufutia vumbi. Mzigo haukurudi mara ya pili, na hakuna mpakaji rangi aliyekwenda nyumbani.

Mwezi wa Desemba, huko Voi, Fidel alipita mbele ya duka dogo la kanisa akasimama. Dirishani kulikuwa na seti ya Krismasi. Mchungaji wa tatu alikuwa na masharubu membamba kama uzi, na ijapokuwa wenzake walibeba kondoo, yeye begani alibeba beberu. Macho yake yote mawili yalikuwa yamenyooka. Yalimtazama Fidel.