Treni ya Brestovo Yalazwa

Gazeti lilifika mkahawani kwa Milunka, mkabala na stesheni, likiwa na picha ya meya anatabasamu. Wateja wa pale wanajua kwamba meya akitabasamu kuna mtu ataumia. Safari hii aliyeumia ni Tihomir, ambaye mji mzima unamwita Tarumbeta kwa sababu ndiye anayepuliza tarumbeta mazishini.

"Sikieni," alisema Kisu, mwenye bucha. "Meya anasema treni ya Brestovo iko koma, imezirai haiamki, haina abiria, na dawa yake ni amputesheni."

Tarumbeta aliweka kikombe chini. Treni hiyo ndiyo humpeleka kila Jumamosi kwa Desanka, mjane wa Brestovo. Miaka mitatu anakwenda kumposa, na miaka mitatu anarudi wamezungumzia nyanya tu. Gari hana, na basi la kule halipo.

"Amputesheni ndiyo mnyama gani?" Milunka aliuliza.

"Kukata mguu," alisema mzee Sreten, aliyefundisha Kilatini mpaka akastaafu nacho, na watu wakabaki kumwita Kilatini. "Ni neno la Warumi. Lilikaa wodini kwa adabu zake. Siku hizi maneno hayo yametoroka hospitali, yameajiriwa serikalini. Wajerumani foleni ya magari wanaiita infarkti, eti barabara imeziba mshipa wa moyo. Wafaransa nao wanasema taifa limevunjika mfupa. Huku kwetu benki ikipewa hela, imepigwa sindano."

"Mimi nilipigwa sindano za kichaa cha mbwa na sikupewa hata dinari," alisema Kisu.

"Kwako wewe, mbwa ndiye aliyestahili fidia," alisema Milunka. "Lakini kwa nini wasiseme tu wanafunga treni?"

"Ukisema unafunga, watu watakutukana," Kilatini alijibu. "Ukisema amputesheni, wanavua kofia."

Tarumbeta alisema taratibu, "Mguu wenyewe ni wangu, jamani."

"Pole, shemeji wa nyanya," alisema Kisu.

Milunka alitupa kitambaa mezani. "Haya, mgonjwa yuko koma. Nani kati yenu amekwenda kumtazama?"

Mji ule asiyetembelea mgonjwa hasalimiwi mpaka wajukuu wake wazeeke. Unakwenda na kahawa, na machungwa, hata kama mgonjwa hana meno.

"Milunka, ni behewa," Kilatini alisema. "Ile ni sitiari."

"Na sitiari haina majirani?"

Kufika jioni habari ya mgonjwa wa stesheni ilikuwa imesambaa mpaka Brestovo, na kila mtu aliogopa kuwa yeye ndiye atakayesemwa hakwenda.

Jumamosi stesheni ilijaa watu, hapakuwa na pa kutema mate. Kisu alikuja na sufuria ya supu ya kuku, akawa anauliza wapi pa kuimimina. Meya alifika wa mwisho, ana mfuko wa machungwa, mama yake, aitwaye Kosara, anamsukuma kwa nyuma.

"Mama, yalikuwa maneno tu ya kusema."

"Umemtangaza mgonjwa gazetini halafu humtembelei? Nitaonekanaje kanisani?"

Treni ikaingia. Behewa lake moja limejaa watu wa Brestovo, machungwa mapajani, wengine wamesimama. Meya alitazama ndani, akatazama nje, akaona wapiga kura kila upande. Akakohoa.

"Ndugu wananchi, mgonjwa amezinduka. Amputesheni haipo tena."

"Ndiyo, daktari," alisema Kisu. "Sasa unywe supu."

Desanka aliteremka na mfuko wake wa machungwa. Alimwona Tarumbeta, akamjia moja kwa moja.

"Nimeambiwa huku kuna mgonjwa. Ni nani?"

Tarumbeta alifungua mdomo. Nyanya zilikuwa pale pale ulimini, akazimeza.

"Ni mimi."

"Unaumwa nini?"

Kilatini alivuta pumzi ili atoe jina la ugonjwa. Kisu akamziba mdomo kwa kipande cha chungwa.

"Upweke, Desanka," alisema Tarumbeta. "Nataka nikuoe."

Desanka akamkabidhi machungwa.

"Mimi miaka mitatu najua unaumwa nyanya," alisema. "Haya, panda, tumuwahi padri wa kwetu. Na ufunge dirisha. Mgonjwa hapigwi na upepo."