Mume Wangu Si Jani Gumu

Kapsoit, Kericho
19 Agosti 1996

Kwa Mlezi,
Chama cha Wanafunzi wa Nyanda za Chai,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mlezi,

KUH: MATESO YA WANAFUNZI WAPYA CHAMANI

Pokea salamu za mtu mwenye furaha. Asante kwa kuja harusini mwetu na kwa ile chupa ya chai yenye maua mekundu. Ni wiki ya tatu tangu niolewe na Aron Kiplimo, na kila asubuhi nikiona mashati yake kwenye kamba yangu ya nguo, natabasamu peke yangu. Chuo kilifungwa, nasi tukafunga ndoa. Sidhani kuna mwingine aliyefurahia chuo kufungwa kama mimi.

Hata hivyo nina malalamiko.

1. Aron alipoingia mwaka wa kwanza, wakubwa wa chama chako walimfunga kikapu mgongoni, wakamwamuru achume ule uzio wa michongoma wa bweni: majani mawili na chipukizi, kama chai. Mama Rodah, mamake, amechuma chai miaka kumi na miwili ili mtoto huyu asibebe kikapu. Vidole vya Aron vina makovu tisa ya miiba. Najua idadi kwa sababu huyabusu moja moja.

2. Kila alipoitwa kwa majina yake yote ilibidi apige magoti na kusema, "Mimi ni jani gumu, kiwanda kimenikataa." Alifanya hivyo muhula mzima, mpaka magoti yakawa yanasikia kabla ya masikio. Ulikuwepo kanisani. Mchungaji Jairus aliuliza, "Aron Kiplimo, unamkubali Rebeccah?" Mpenzi wangu akaenda chini na kutangaza kwamba kiwanda kimemkataa. Kanisa lote lililia. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Huyo ameokoka kabisa." Hata mimi nililia, ingawa nilikuwa bado nangoja jibu.

3. Kwenye kituo cha chai, karani Phelix huita wakulima kwa majina kamili. Mara mbili sasa mume wangu amepiga magoti matopeni mbele ya mzani, na mara mbili Phelix amesema, "Kama ni magumu mwenyewe umesema, rudi nayo." Majani laini kabisa, yamekataliwa kwa ushahidi wa mwenyewe.

4. Siwezi kumkasirikia. Mke akikasirika huita majina yote. Mimi nikiita, Aron yuko sakafuni kabla sijataja kosa, na akiwa pale chini macho yake ni mazuri sana. Nitagombana lini?

5. Hili si la kucheka. Amesema chuo kikifunguliwa harudi. Mama Rodah bado hajaambiwa.

6. Alikuandikia wewe kwanza. Ulimjibu kwamba hiyo ni desturi, na kwamba wewe mwenyewe uliipitia na hukuharibika. Kwa heshima zote, Bwana Mlezi, harusini tulikutazama. Mshereheshaji alipokuita kwa majina yako matatu uje utoe zawadi, goti lako la kushoto lilianza kushuka, ukawahi kushika kiti.

Basi naomba desturi hii ikomeshwe. Mwanafunzi mpya apewe chai anywe, asifanywe yeye ndiye chai. Anayetamani sana kumwona mtu na kikapu aje hapa kwetu asubuhi. Nitamfunga hicho kikapu mgongoni mimi mwenyewe, na jioni nitamwambia kama yeye ni jani gumu.

Nisalimie mkeo, watoto, wahadhiri wote, na ile michongoma. Natumaini imechipuka.

Ni mimi niliyeolewa vizuri,
Bi. Rebeccah Chepkurui Kiplimo

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, imefika barua ya chama. Aron amechaguliwa kuwa msimamizi wa kuwapokea wanafunzi wapya chuo kikifunguliwa. Imeanza kwa majina yake yote, nami nikaisoma kwa sauti, na mume wangu akaisikiliza akiwa amesimama wima. Anarudi. Mama Rodah amefurahi mpaka ametoa vikapu vyake vitatu vya zamani. Mimi nimemtungia maneno mapya ya kuwasemesha, matamu kuliko yale: "Mimi ni vumbi la chai, nimebaki sakafuni." Kwa hivyo tafadhali komesha desturi hii kabisa, lakini iwe mwakani, zamu yetu ikishapita.