Ufunguzi wa Kituo cha Elimu ya Juu ya Mtandaoni, Vichakani

Kama si mimi, Nzai wa Jefwa, intaneti ingefika Mombasa, ikatazama foleni ya feri pale Likoni, ikaguna, ikarudi zake Nairobi. (Makofi. Mtu anapiga mluzi.) Niliivusha mimi. Niliivushaje sitasema, kwa sababu za kiusalama.

Basi, mwakilishi wa mwakilishi wa chifu. Wazee wa mtaa. Imamu wetu na mchungaji wetu, mliokubali kugawana turubai moja na feni moja. Akina mama wa pilau chini ya uongozi thabiti wa Bi Fauzia. Wageni wetu mliotoka Diani mkitafuta njia ya Chale, mkapotea, mkanusa pilau, mkaamua hapa hapa panatosha. Dada yangu Dama. Wanafunzi wa vyuo vikuu vyote vya dunia mnaoishi Vichakani. Na kuku wa Bi Fauzia, ambao leo si wengi kama jana (kicheko), asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo!

Mimi, nikiwa Mwenyekiti wa Muda wa Kudumu wa Kamati Ndogo Kuu ya Uratibu wa Mikakati ya Elimu ya Juu kwa Njia ya Mtandao, niliona si adabu kuzungumzia elimu ya juu nikiwa chini, ndipo nikaipanda ngazi hii ya boriti za mkoko, nikasukumwa kidogo tu na Suleiman wa vipaza sauti (Suleiman: "Kidogo, mheshimiwa? Bega langu hili mpaka sasa halinyanyuki!"), nikafika juu ya mnara huu, uliojengwa zamani ubebe tangi la maji, mnara ukaja, tangi likasahauliwa, maji yenyewe yakasahau kuja. Na mkiniona nimekishika chuma hiki kwa mikono yote miwili, ni kwa heshima ya chuma.

Kwa faida ya wageni, nieleze. Vichakani nzima mtandao haushiki ila hapa nilipo. Huko chini simu ni kioo cha kutazamia meno. Vijana wetu waliojiunga na vyuo vya mbali bila kuhama kwao hutia simu zao ndani ya pakacha la makuti, wakalivuta kwa kamba hadi hapa juu, somo likaingia, wakateremsha, wakaenda kusoma. Huo ndio Mfumo wa Pakacha, nilioubuni mimi. (Sauti kutoka nyuma: "Uongo huo! Aliyeanza ni Kadzo!") Nilioubuni mimi kwa kumwachia mpwa wangu Kadzo aufikirie. (Kicheko kirefu.)

Na Kadzo mwenyewe yule pale chini ya ngazi, mtoto wa dada yangu Dama, mwaka wa tatu wa ualimu katika chuo ambacho hata lango lake hajaliona. Leo ana mtihani wa mwisho wa mwaka. Na mtihani, waheshimiwa, haupandi pakacha. Unataka mtu akae hapa juu mwenyewe, uso wake uonekane kwenye kamera, kuanzia saa nne. Ukichelewa robo saa, mlango wa mtandaoni unafungwa na mwaka mzima unarudiwa.

(Kadzo: "Mjomba, shikamoo! Ni saa nne kasorobo! Teremka nipande!")

Marahaba, mwanangu. Mnaona hamu hiyo? Hayo ndiyo matunda ya uongozi. Naja, naja, nimalizie takwimu.

Utafiti wa kina nilioufanya mwenyewe kwa muda wa kikombe kimoja cha chai unaonyesha kwamba asilimia mia na kumi ya vijana wetu watakuwa na digrii kufikia Idi, na watakaobaki watazipata Krismasi. Kisiwani Funzi tutafungua fakalti ya uvuvi wa kidijitali, ambapo samaki ataonekana kwenye skrini kabla hajaonekana kwenye wavu, na akikataa kuonekana ataandikiwa barua. Ramisi tutayazungushia mashamba waifai, ili mkata miwa, panga likiwa mkono huu, lekcha iwe mkono huu. (Sauti: "Atajikata kidole!") Atajikata akiwa na masters!

Tena msiwasikilize wanaosema mtandaoni mtu hajifunzi. Mwalimu wa darasani ana kasoro moja kubwa: anakuona. Wa mtandaoni anaona jina lako tu, na jina halisinzii. (Wanafunzi wanashangilia, halafu wanatazamana.) Mimi mwenyewe nilihudhuria semina ya mtandaoni ya mataifa mengi, kwa simu ya Kadzo, nikahutubia nusu saa nzima kuhusu platifomu, bandiwidhi na mastekiholda, na hakuna profesa hata mmoja aliyethubutu kunikatiza.

(Kadzo: "Maiki ulikuwa umeizima, mjomba!" Turubai zima linacheka. Imamu anafuta machozi kwa kanzu.)

Hata hivyo hawakunikatiza.

(Dama anasimama: "Nzai! Mimi dadako nasema shuka! Mtoto atakosa mtihani kwa ajili ya mdomo wako?")

Dada, itifaki.

(Dama: "Itifaki nitakuja kukuvua huko huko juu! Na huo utepe uliofunga hapo mbona unafanana na leso yangu?")

Tutalijadili suala la utepe kwenye kikao cha ndani. Nilikuwa nasema, vishen yetu, mishen yetu, na ile nyingine ya tatu...

(Suleiman: "Mheshimiwa, saa nne imeshapiga." Kadzo ameshika ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Anasema polepole: "Mjomba, mwaka mzima huo.")

Nimekusikia, mwanangu.

Basi nifupishe. Nikisema "Pakacha," mseme "Juu"! Pakacha! (Juu!) Pakacha! (Juu!) Vichakani! (Kidijitali!) Hiyo ya mwisho hatukuifanyia mazoezi, lakini ahsanteni.

Namshukuru mfadhili wa kituo hiki, ambaye hayupo. Namshukuru mkandarasi, ambaye hakuchelewa, kwa kuwa hakuitwa. Naishukuru Kamati Ndogo Kuu, yaani mimi, na katibu wake, yaani mimi nikiwa nimevaa miwani. Kituo, jamani, ni mnara ule ule mlioukuta. Pakacha ni la wanafunzi, kamba ni ya mbuzi, akili ni ya Kadzo. Mchango wangu ni utepe, na utepe, naam Dama, ni leso yako, ile ya maua mekundu.

Panda, Kadzo. Panda upesi. Hapa juu panamtosha mtu mmoja mwenye tumbo au wawili wasio nalo. Langu nitalivuta ndani. Keti hapa mbele, mimi nitasimama nyuma ya kamera nikushikie mwavuli, jua lisipige kioo. Wanasema mtihani ukisikia sauti ya pili unafutwa, kwa hiyo Suleiman utaizima maiki hii, na mimi kwa saa mbili sitatoa hata chafya. (Dama: "Wallahi ningekuwa na chuo ningekupa digrii kwa hilo tu!")

Nyinyi huko chini mnanong'onezana: kwa nini asishuke tu, ale pilau kama watu? Hotuba yangu, waheshimiwa, ilikuwa ya dakika tano. Yaliyozidi yote nilikuwa nikingoja nipate moyo wa kuitazama ile ngazi. Naogopa kushuka.

Bi Fauzia, pilau yangu, mtihani ukiisha, itie kwenye pakacha.

(Maiki inazimwa.)