Uzinduzi wa Kituo cha Mfano cha Makuzi ya Mtoto, Ntalikwa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuletea mwakilishi. Ndugu Mtendaji wa Kata. Mkuu wa Chuo cha Uuguzi, Mwalimu Imakulata Uwimana, pamoja na walimu wako uliokuja nao na wale uliowaacha chuoni wakisahihisha. Viongozi wetu wa dini, Padri, Mchungaji na Shehe, mliokaa benchi moja kwa utulivu unaopaswa kuigwa na madiwani. Wazee wa mji huu, ambao babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani bila hata semina elekezi (kicheko). Wanafunzi wa mwaka wa pili, mliothubutu kuvaa nyeupe katika vumbi hili. Kina mama wenye watoto, watoto wenye kina mama. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia harufu ya pilau. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa nimemruka, nimemruka kwa nia njema. Mwangaluka. (Umati: Mwangaluka.) Naona baadhi yenu bado mmelala. Mwangaluka. (Umati, kwa nguvu zaidi: Mwangaluka.)

Jina langu mnalijua, lakini kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, mimi ni Nikolaus Hilari, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Makuzi, Malezi na Masuala Mtambuka, na nimesimama hapa nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo imepitia ngazi zote za idhini, kuja kuzindua Kituo cha Mfano cha Makuzi ya Mtoto, kituo ambacho, bila kujisifu, nimekibeba moyoni kwa muda mrefu kuliko mama yeyote hapa alivyowahi kubeba mimba. (Vigelegele vichache. Mama mmoja anaguna.)

Ndugu wananchi, watu wengi huchanganya ukuaji na maendeleo. Ukuaji ni kile unachokipima kwa mizani na utepe: uzito, kimo, mzunguko wa kichwa. Maendeleo ni kile mtoto anachoweza leo ambacho jana hakukiweza: kukaza shingo, kukaa, kutambaa, kuomba, kukataa. Mimi mwenyewe, kama mnavyoniona, ukuaji wangu haujasimama (anajipapasa tumbo, kicheko), na maendeleo yangu yako kwenye mchakato. Takwimu za ofisi yangu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya watoto waliofikisha mwaka mmoja walikuwa hapo awali chini ya mwaka mmoja, na mwelekeo huo tunatarajia kuuendeleza. (Makofi.)

Sasa niwaeleze tulikotoka. Kabla ya mvua za mwaka jana Mwalimu Imakulata alikuja ofisini kwangu, akakaa, akakataa soda, akaniambia: "Mheshimiwa, wanafunzi wangu nadharia za makuzi wanazo zote kichwani, kuanzia mtoto mchanga hadi kijana wa kubalehe. Lakini wiki iliyopita mmoja wao kashika kichanga kama anachagua tikiti maji. Wanahitaji mahali pa kukaa na watoto wazima wa afya, wawaangalie wakicheza, wakila, wakinuna. Na kanuni inasema saa hizo zifanyike kwenye kituo kinachotambuliwa na ofisi yako. Bila saa hizo hawafanyi mtihani." Nikamjibu papo hapo, bila kupekua faili lolote: "Mwalimu, kituo kipo kwenye hatua." (Makofi kutoka meza kuu.)

Hatua zipi? Ndugu zangu, wataalamu wa makuzi, ambao majina yao ni magumu na nimeyaacha kwenye gari, wanatufundisha kwamba mtoto hukomaa kuanzia kichwani kwenda miguuni. Shingo kwanza, mgongo ufuate, miguu mwisho. Nami, nikiwa mtu wa sayansi, nikaagiza mradi huu nao uanzie kichwani. Tukateua Mwenyekiti. Tukateua Makamu. Tukateua Mratibu, ambaye ni mimi, na Kaimu wake, ambaye kwa sababu za uhaba wa watumishi ni mimi pia. Tukaunda kamati ya jina la kituo, ikakaa pale Kanyenye kwenye ukumbi wenye feni, ikachambua majina kwa weledi mkubwa hadi feni ikaungua. (Sauti kutoka nyuma: Na miguu?) Miguu inakuja, mzee wangu. Mtoto hasukumwi atembee. (Kicheko kirefu.)

Wakati kichwa kikiendelea kukomaa, nikaelekeza, kama hatua ya mpito, kwamba wanafunzi wagawanywe katika kaya za hapa Ntalikwa, kila mmoja na kaya yake, wakaangalie watoto huko huko waliko. Agnetha Manirambona, simama wakuone. (Msichana mwembamba anasimama, anakaa upesi.) Huyu ni binti wa wakulima wa Ulyankulu, na alipangiwa kaya ya mama mkulima anayeitwa Recheli, ambaye wengi mnamwita Mama Teofili, kwa jina la mwanawe wa mwisho. Ndiyo kaya hii tuliyomo.

Siku ya kwanza nilifuatana nao mimi mwenyewe, na mpiga picha. Teofili, mwenye umri wa miaka miwili na ushee, alikuwa amekaa kwenye jamvi akipanga magunzi ya mahindi. Nikamsabahi, "Teofili, hujambo?" Kimya. Nikapaza sauti kidogo, nikitumia na cheo changu. Akanipa mgongo, akaendelea na magunzi. Sikukasirika. Nilimgeukia Agnetha nikamwambia, "Binti, andika hapo: umri wa ukaidi. Mtoto wa miaka miwili anatafuta mamlaka yake, anaikataa hata serikali." Agnetha akaandika, maana ndivyo pia alivyofundishwa, mimi nikapanda gari nikaenda kwenye majukumu mengine ya kitaifa. (Makofi.)

Yaliyofuata nimesimuliwa na wenyewe. Agnetha alimwambia Mama Teofili, aliyekuwa anapepeta, "Mama, usimchape. Huu ni umri wa ukaidi, utapita." Mama Teofili akaweka ungo chini. "Mwanangu, nimezaa wanne," akasema. "Mkaidi anakutazama kwanza, ndipo anakataa. Huyu hanitazami."

Agnetha akafunga daftari. Alikaa akamwangalia mtoto akicheza, akaona kwamba anajua kupanga, anajua kucheka akichekewa, anamshika mkono mtu na kumpeleka anapopataka, ila hasemi zaidi ya maneno mawili matatu ambayo mama yake peke yake aliyaelewa. Akaingia jikoni, akatoka na kifuniko cha sufuria na mwiko, akazunguka nyuma ya jamvi ambako Teofili hamwoni, akagonga. Kuku walitawanyika. Mbuzi alikata kamba. Jirani alichungulia juu ya ua kuuliza kuna msiba gani. Teofili akachukua gunzi jingine, akaliweka juu ya mwenziwe, taratibu, lisianguke.

Agnetha akaweka mwiko chini. Akaja mbele, akachuchumaa, akamtabasamia, na mtoto akamtabasamia, akampa gunzi.

"Mama, amewahi kutoka usaha masikioni?"

"Tangu anaota meno. Unatoka, unakauka, unatoka tena. Nilikuwa namtia mafuta ya vuguvugu."

"Mama Teofili," Agnetha akasema, na hapa aliacha lugha ya chuoni, "nadhani hasikii."

"Si ndivyo ninavyosema kila siku? Nasema huyu mtoto hasikii, hasikii, na ninamchapa."

"Hasikii kweli, mama."

Mama Teofili alikaa chini pale pale kwenye pumba. Hakulia. Alimvuta mwanawe akampakata, akamshika masikio yote mawili kwa viganja, kama mtu anayeziba sufuria inayovuja, akauliza, "Kwa hiyo nyimbo zote zile nilizomwimbia?" (Shehe anasafisha miwani.)

Naam. Tuendelee na ratiba. Agnetha aliwapeleka hospitali. Mara ya kwanza daktari wa masikio alikuwa safarini; wakarudi. Mara ya pili foleni ikafika jioni, wakarudi. Mama Teofili akataka kukata tamaa, akasema mahindi yake yanaliwa na ngedere, Agnetha akamwambia, "Nitakuja kulinda mimi, nenda wewe," akashinda shambani na manati, kwa sare. Mara ya tatu daktari aliwapokea. Akaona nyuma ya ngoma za masikio kumejaa maji mazito kama gundi. Wakayatoa, wakampa dawa, wakasema tusubiri.

Basi siku moja mchana mvua ikaja, hizi mvua zetu zisizobisha hodi, ikaangukia bati la nyumba ile. Teofili alitupa gunzi, akakimbia, akajifutika kwenye khanga ya mama yake, akaonyesha juu kwa kidole. Kesho yake Agnetha alipofika akasema, "Shikamoo mama," na kabla mama hajaitikia, mtoto akageuka. (Vigelegele. Mama mmoja anasimama, anazunguka, anakaa.)

Huo, ndugu zangu, ndio impakti. Huo ndio mrejesho chanya wa mradi. Nimeagiza picha ya Teofili iwekwe kwenye jalada la taarifa yangu, pembeni ya picha yangu, ndogo kidogo. Na sasa, kwa unyenyekevu, nimkaribishe Mama Teofili aje hapa kwenye kipaza sauti, atoe ushuhuda jinsi mradi ulivyoyagusa maisha yake. (Mama Teofili anakuja, anafuta mikono kwenye khanga.)

(Mama Teofili: Shikamooni wakubwa. Mimi mradi siujui. Namjua Agnetha. Alikuja na viatu vyeupe, akaondoka navyo vyekundu. Sasa mtoto ananiita mama, na anamwita na yeye mama, tumeshazoea. Nilikuwa naomba tu kuuliza, huu utepe wenu mtautoa lini, maana mmeufunga kwenye mlango wa jiko.) (Umati unacheka, Padri anashika tumbo.)

Ahsante, mama, kwa maoni hayo ya kujenga. Mmemsikia: anausubiri utepe kwa hamu. Na nieleze jambo kwa wale wanaonong'ona huko nyuma wakiuliza jengo liko wapi. Kuna nadharia, wanafunzi wanaijua. Mtoto wa miezi minne ukifunika kijiko kwa kitambaa anadhani kijiko kimekwisha duniani. Mtoto wa mwaka mmoja anafunua kitambaa, maana akili yake imekomaa, anajua kitu kipo ingawa hakionekani. Sasa mimi nawaomba wananchi wa Ntalikwa tuwe na ukomavu huo. (Kicheko. Sauti: Tufunue wapi?)

(Mwalimu Imakulata anasimama: Mheshimiwa, samahani kukukatiza. Mtihani umekaribia. Hawa wote wamefanya saa zao katika nyumba za watu. Utazitambua au hutazitambua?)

Swali zuri. Swali mtambuka. Swali ambalo linahitaji kikosi kazi. (Mwalimu Imakulata anabaki amesimama.) Mwalimu, unaweza kukaa. (Hakai. Wanafunzi nao wanasimama, mmoja mmoja, Agnetha wa mwisho.) Msaidizi wangu Omari ananinong'oneza hapa kwamba kanuni haitaji nyumba ya mtu, inataja kituo. Ni kweli, Omari. Lakini hebu nikuulize mbele ya watu. Pale mlangoni pana nini? (Omari: Utepe, mzee.) Pale kwenye jamvi pana nini? (Omari: Mtoto, mzee.) Na hawa waliosimama ni nani? (Omari: Wanafunzi.) Basi niletee mkasi.

(Anashuka jukwaani. Anakata utepe wa mlango wa jiko. Mama Teofili anaingia mara moja kuangalia sufuria.)

Kwa mamlaka niliyokaimishwa, natangaza kwamba ua huu, jamvi lile na jiko lile ni kituo kinachotambuliwa na ofisi yangu. Kaya nyingine zote walikoketi wanafunzi ni matawi yake. Na saa walizoketi ni saa. Mwalimu Imakulata, waandikishe wakafanye mtihani. (Vigelegele, makofi, wanafunzi wanakumbatiana. Agnetha anajifunika uso kwa mikono. Mwalimu Imakulata anakaa chini polepole, anavua miwani.) Mnisamehe, hapa palikuwa na ukurasa mwingine wa takwimu lakini sauti imenikauka kidogo. Ni vumbi.

Nikisema makuzi, mseme hatua kwa hatua. Makuzi! (Umati: Hatua kwa hatua!) Nikisema malezi, mseme jukumu letu sote. Malezi! (Umati: Jukumu letu sote!)

Nimalizie kwa shukrani. Niwashukuru kwa namna ya pekee wafadhili wa mradi huu, ambao tutaanza kuwatafuta mwezi ujao. Mkandarasi, ambaye atapatikana kwa ushindani wa haki mara wafadhili watakapopatikana. Kamati ya ardhi, ambayo itaundwa. Na mwandishi wa andiko la mradi, ambaye kiti chake mnakiona pale mbele, kitupu, kwa kuwa nafasi yake haijatangazwa. Bila wao hawa tusingefika hapa tulipo. Na sasa, baada ya mafanikio haya makubwa, naufunga rasmi mradi, ili uweze kuanza kubuniwa. Vijana, mrudishieni Mama Teofili jamvi lake. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.